Kadi na Bunduki Visikae Mfuko Mmoja



Katika mkutano wa tawi letu hapa Kacyiru tulikuwa na ajenda mbili: malipo ya saa za ziada na vifaa vya kinga. Walifika walinzi wa usiku, wafagiaji wa maofisi, madereva, na wenzetu wa viwandani waliotoka Masoro baada ya zamu. Hata ajenda ya kwanza haikumalizika. Mlinzi mmoja, mtu wa makamo anayelinda ghala kwa rungu na filimbi, alisimama akaomba neno. Alisema majambazi walimwingilia usiku wakampiga na kumvunja mkono, na asubuhi yake tajiri akamkata mshahara kwa ajili ya mali iliyopotea. Akauliza: je, umoja wetu utamuunga mkono raia wa kawaida kama yeye akitaka haki ya kuwa na bunduki?

Kabla hajakaa, ndugu mwingine alisimama kwa hasira. Alisema: "Mwanachama mwaminifu hawezi kutamka maneno hayo. Silaha ni za serikali. Anayetaka bunduki mkononi mwa raia ni mpinzani, aseme wazi anatumwa na nani." Wa tatu akapaaza sauti kutoka nyuma: "Mimi nina kadi ya chama hicho hicho chako, na mlinzi nakubaliana naye." Kelele zikazuka. Mwenyekiti aligonga meza mpaka mkono ukamuuma. Tukatawanyika bila kuzungumza hata senti moja ya saa za ziada. Tangu siku ile ndugu wale hawasalimiani, na mlinzi wetu hajafika tena mkutanoni.

Basi tumeona jambo hili tuliandike, tulijadili kwa utulivu, ili lisije likavunja tawi lililojengwa kwa jasho.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kiswahili kinatumia neno moja, "chama", kwa chama cha siasa na kwa chama cha wafanyakazi. Katika makala hii "chama" ni chama cha siasa, na chama chetu cha wafanyakazi tutakiita "umoja". Kuchanganya hayo mawili ndiko kulikotuletea balaa huko nyuma, kama tutakavyoonyesha.

Swali lenyewe ni hili: mtu aliye mwaminifu kwa chama chake, je, anaweza kutetea haki ya raia kuwa na silaha? Au akiitetea, amekwisha kukisaliti chama? Jibu letu ni fupi. Anaweza. Kutoa maoni juu ya sheria ya silaha si uhaini. Lakini kuna jambo jingine linalofanana na hilo kwa sura, nalo ni sumu kali: bunduki kutolewa kwa sababu ya kadi. Hilo hatulikubali hata kwa dakika moja. Tunaomba msomaji avumilie tueleze sababu.

KADI ILIPOGEUKA BUNDUKI

Sisi tunaoandika haya, mwaka 1994 tulikuwa watoto. Lakini wazee wetu wa kazi wametusimulia waliyoyaona, na mahakama zimeandika zilichothibitisha.

Mwaka 1975 Rais Habyarimana aliunda chama cha MRND, na katiba ya mwaka 1978 ikasema kila Mnyarwanda ni mwanachama, hata mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake. Kazini palikuwa na vikundi vya kuimba na kucheza kukisifu chama. Ukikosa kuimba, umeandikwa. Hata umoja wa wafanyakazi, CESTRAR, ulizaliwa mwaka 1985 chini ya mbawa za chama hicho, ukajitenga baada ya mfumo wa vyama vingi kuingia. Mfanyakazi mwenye malalamiko juu ya mshahara alikuwa anakwenda kumshitaki tajiri kwa rafiki wa tajiri.

Kisha mambo yakawa magumu. Mwaka 1989 bei ya kahawa iliporomoka katika soko la dunia, na kahawa ndiyo ilikuwa shamba la fedha za kigeni za nchi hii. Oktoba 1990 vita vikaanza. Juni 1991 katiba mpya ikaruhusu vyama vingi. Hapo kila chama kikubwa kilitafuta vijana wake. MRND walikuwa na Interahamwe, CDR walikuwa na Impuzamugambi, MDR walikuwa na Inkuba, na PSD walikuwa na Abakombozi. Mwanzoni zilikuwa kofia, nyimbo, mpira na bia ya bure. Kijana asiye na kazi akipewa kofia, bia na mahali pa kwenda Jumapili, anaona amepata ndugu. Baadaye vijana wa chama tawala wakapelekwa kufundishwa na askari. Baadaye tena wakapewa silaha.

Ndugu, hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Bunduki zile alipewa nani? Hakupewa aliyeomba kibali, akapimwa tabia, akafundishwa, akaandikwa kwenye daftari. Alipewa mwenye kadi. Kadi ndiyo ilikuwa kibali chenyewe.

Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Dallaire, mkuu wa majeshi ya Umoja wa Mataifa hapa nchini, alituma taarifa New York. Mtu wa ndani ya Interahamwe alikuwa amemweleza habari za vijana waliofundishwa kuua na za maghala ya silaha yaliyofichwa Kigali. Dallaire aliomba ruhusa akazikamate. Alikataliwa. Baadaye mtu yule alimwonyesha askari wa Umoja wa Mataifa silaha zilizowekwa chini ya jengo la makao makuu ya chama tawala, Kimihurura. Sisi wa Kacyiru tunajua Kimihurura iko umbali gani. Mtu huenda kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa.

Miezi mitatu baadaye yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika siku 100 waliangamia watu zaidi ya milioni moja. Georges Rutaganda, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa kule Arusha mwezi Desemba 1999, na kati ya mambo yaliyothibitishwa ni kwamba aligawa bunduki mjini Kigali mwezi Aprili 1994.

Wapo wanaosema kwamba watu wengi waliuawa kwa panga, basi bunduki isilaumiwe. Ni kweli, panga na rungu viliua wengi. Lakini waliookoka wanasimulia namna makanisa na shule zilivyovamiwa: bunduki na guruneti vilitangulia, vikavunja mlango na kuvunja nguvu ya watu, ndipo panga likafuata. Panga ni chombo cha kazi. Kila siku tunakatia majani na kuchongea mti. Lililoligeuza kuwa silaha ya kuangamiza watu ni mpango, na mpango ule ulikuwa na bunduki mbele na kadi mfukoni.

CHAI YETU NA RISASI

Wenzetu wa mashamba ya chai wasidhani haya ni mambo ya mjini. Machi 1992 serikali ya wakati ule ilitia mkataba na Misri wa kununua silaha za dola milioni 6. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mkataba huo katika taarifa yake ya Januari 1994, na likaonyesha kwamba sehemu ya malipo ilikuwa ni chai ya Mulindi. Fikirini, ndugu. Mama anaamka saa kumi usiku, anaingia shambani na umande, anachuma majani mawili na kichipukizi, anapimiwa kwenye mizani na mnyapara asiyemwonea huruma. Majani yale yanakwenda kulipia mizinga na bunduki. Hakuna aliyemwuliza. Hakuna mkutano wa tawi uliopiga kura. Na katika vita hivyo hivyo shamba lenyewe la Mulindi likaangukia mikononi mwa upande wa pili.

Kisa cha Gisovu kinauma zaidi. Alfred Musema alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha chai cha Gisovu, karibu na milima ya Bisesero. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani tarehe 27 Januari 2000 kwa mauaji ya kimbari, ikampa kifungo cha maisha. Iliyathibitisha haya: katika mashambulizi ya Bisesero mkurugenzi alikuwapo na bunduki yake, magari ya kiwanda yalibeba washambuliaji, na kati ya washambuliaji wale walikuwamo wafanyakazi wa kiwanda.

Wafanyakazi, ndugu. Watu wa zamu kama sisi. Watu waliokuwa wanadai sabuni na mabuti, kama sisi. Asubuhi ile ya mwezi wa tano lori lilipowashwa moto, hapakuwa na umoja wenye nguvu wa kusimama mlangoni na kusema: magari haya ni ya kubeba majani ya chai, na watu hawa ni wa kiwandani, hawapandi. Kwa nini haukuwapo? Kwa sababu kwa miaka mingi umoja, chama na tajiri vilikuwa vimekaa meza moja. Mkuu akiamuru, yeye ni mkuu wa kazi, na yeye ndiye mkubwa wa chama, na yeye ndiye mwenye bunduki. Mfanyakazi akatae kwa nani?

Hatusemi hayo kuwaondolea hatia waliopanda lori lile. Kila mtu ana dhamiri yake, na wapo waliokataa wakafa. Tunasema ili tujue mlango uliokuwa wazi, tuufunge.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Sasa tumsikilize mlinzi wetu, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Na Bisesero hiyo hiyo inamsaidia.

Watutsi wa Bisesero walikuwa wachungaji hodari. Makumi ya maelfu ya watu walikusanyika kwenye milima ile mwezi Aprili 1994, wakiongozwa na mzee Aminadabu Birara. Walipigana kwa mawe, fimbo na mikuki. Washambuliaji wenye mapanga waliwarudisha nyuma tena na tena. Lakini tarehe 13 na 14 Mei walikuja askari na wanamgambo kwa mabasi na malori, na bunduki nyingi. Jiwe halishindani na risasi. Mwishowe walibaki hai kama elfu moja tu.

Mtu akikwambia, "Wangekuwa na bunduki mia mbili, historia ingekuwa nyingine," utamjibu nini? Sisi hatuna ujasiri wa kumwambia amekosea. Na wengine wataongeza: kilichosimamisha mauaji yale mwezi Julai 1994 hakikuwa hotuba ya mtu, lilikuwa jeshi la RPF. Hilo nalo ni kweli.

Ndiyo maana tunasema anayetetea haki ya raia kujilinda si adui wala mjinga. Ana sababu yake, na sababu hiyo imezikwa katika milima yetu. Anayetaka silaha zote zibaki serikalini naye ana sababu yake, nayo imezikwa katika milima ile ile. Wote wawili wanalia msiba mmoja. Kwa nini basi mmoja amwite mwenzake msaliti?

Lakini tutazame vizuri tofauti. Watu wa Bisesero hawakukosa kadi, walikosa ulinzi. Serikali iliyopaswa kuwalinda ndiyo iliyowagawia wauaji silaha. Kama sheria ya silaha ingekuwa ya watu wote, yenye daftari moja na masharti mamoja, wale vijana wasingezipata, na kama wangezipata, pangekuwa na wa kuwanyang'anya. Ubaya ulianzia pale serikali ilipofumba jicho moja: silaha ya mwenye kadi haikuonekana, na silaha ya asiye na kadi ilitafutwa mpaka chini ya kitanda.

YA MAJIRANI NA YA MBALI

Tusidhani ni sisi peke yetu tuliojifunza kwa uchungu. Jirani zetu wa Tanzania mwaka 1971, baada ya Wareno kuivamia Guinea na Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, walitoa Mwongozo wa TANU. Wafanyakazi wengi wa zamani wanaukumbuka kwa kifungu cha 15, kilichomkataza kiongozi kuwa na kiburi na dharau, ambacho walikitumia kuwakabili mameneja wakali. Lakini Mwongozo ulizungumza pia habari ya mgambo, yaani wananchi kufundishwa kuilinda nchi yao chini ya uongozi wa chama. Enzi zile chama kilikuwa kimoja, na askari wa jeshi walikuwa wanachama. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Tanzania ilibadili jambo hilo: mwanajeshi akakatazwa kuwa mwanachama wa chama chochote. Waliona kwamba mwenye bunduki ya wote hawezi kuwa na kadi ya baadhi.

Na kwetu Rwanda katiba ya mwaka 2003 iliweka jambo hilo hilo: askari wa jeshi na polisi haruhusiwi kujiunga na chama cha siasa. Tazameni hekima yake. Mwenye bunduki kwa kazi yake amevuliwa kadi. Basi itakuwaje raia apewe bunduki kwa sababu ya kadi?

Tutoke mbali kidogo, twende Marekani, ambako swali hili linagawanya watu kila uchaguzi. Siku hizi chama cha Republican ndicho kinachojulikana kwa kutetea haki ya raia kuwa na bunduki. Lakini mwaka 1967 vijana weusi wa Black Panther, katika jimbo la California, walianza kutembea na bunduki hadharani kuwalinda watu wao dhidi ya polisi. Mbunge wa Republican, Don Mulford, akaleta sheria ya kukataza kubeba bunduki yenye risasi barabarani, na gavana aliyeitia saini alikuwa Ronald Reagan, wa chama hicho hicho. Somo ni nini? Vyama hubadilisha msimamo kufuatana na nani ameshika bunduki. Kesho chama chako kinaweza kusema kinyume cha kilichosema jana. Ukimwita mwenzako msaliti leo kwa jambo la silaha, kesho utajiita nani?

BUNDUKI NA MGOMO

Wapo vijana wanaonong'ona kwamba mfanyakazi mwenye silaha ataheshimiwa na tajiri. Tunawajibu kwa Marikana, Afrika Kusini. Agosti 2012 wachimbaji wa platinamu waligoma kudai mshahara. Baadhi yao walibeba mikuki na mapanga. Katika siku za mwanzo walikufa watu 10, wakiwamo polisi na walinzi wa mgodi, ambao nao ni wafanyakazi wenye watoto. Tarehe 16 Agosti polisi walifyatua risasi wakawaua wachimbaji 34. Umoja mkubwa wa wachimbaji ulikuwa rafiki wa karibu wa chama tawala. Urafiki ule haukuzuia risasi hata moja.

Silaha ikiingia kwenye mgomo, mazungumzo ya mshahara yamekwisha, na anayeshinda ni mwenye risasi nyingi. Huyo hajapata kuwa mfanyakazi. Silaha yetu ni kusimama pamoja kazi ikasimama. Tusiibadilishe kwa nyingine iliyo dhaifu.

MSIMAMO WETU

Sasa tuseme wazi tunakosimama.

Moja. Mwanachama wa umoja huu ana haki ya kuwa na maoni yake juu ya sheria ya silaha, na hakuna atakayemwuliza kadi yake ya siasa. Sheria ya silaha ya mwaka 2018 yenyewe inamruhusu raia kuomba kibali kwa masharti. Makao makuu ya Polisi yako hapa hapa Kacyiru, si siri. Anayetaka masharti yalegezwe, aseme. Anayetaka yakazwe, aseme. Mpaka upo: nchi zetu zilitia saini mapatano ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, na ndani yake zilikubaliana kuzuia kabisa raia kuwa na bunduki za rashasha na za kujipakia zenyewe. Bunduki za vita si za nyumbani. Hapo hatuna ubishi.

Mbili. Kila ikitajwa habari ya raia kupewa silaha, iwe kwa jina la ulinzi wa kijiji, wa shamba au wa kiwanda, tuulize maswali matatu. Nani anaitoa? Nani anaihesabu? Nani anaweza kuirudisha? Kama anayeitoa ni ofisi ya serikali kwa sheria inayomhusu kila mtu, kama iko kwenye daftari, kama mahakama inaweza kumnyang'anya mkubwa na mdogo, hayo ni maoni ya kujadiliwa. Kama jibu la swali lolote kati ya hayo ni "chama", au ni "tajiri", basi mfanyakazi aikatae, hata chama kikiwa chake, hata kama anakipenda.

Tatu. Kuikataa si kukisaliti chama. Mwaminifu ni yule anayekivuta chama mkono kisiingie shimoni. Mwaka 1992 na 1993 kila chama kilikuwa na wanachama waliouona moto unakuja. Waliosema waliitwa wasaliti, na waliopiga makofi waliitwa waaminifu. Leo tunajua nani alikuwa mwaminifu kwa nchi yake.

Nne. Kwa walinzi wetu, tunasema hivi. Mlinzi anayevunjwa mkono akilinda mali ya tajiri hakosi bunduki peke yake. Amekosa mwenzake wa zamu, taa, simu ya kuita msaada, na bima. Hayo tajiri anayakwepa kwa sababu yana gharama, kisha anafurahi kusikia mlinzi anataka kujinunulia bunduki kwa fedha yake. Tusimpe nafasi hiyo. Tunadai mlinzi asisimame peke yake usiku, alipwe matibabu akiumia kazini, na asikatwe mshahara kwa mali iliyoibwa kwa nguvu. Pale ambapo kazi inahitaji mlinzi mwenye bunduki kwa mujibu wa sheria, afundishwe kwa gharama ya tajiri, bunduki ihesabiwe na kutiwa saini mwanzo na mwisho wa zamu, na ibaki kazini. Isiende nyumbani, na isiende kwenye mkutano wa siasa. Mlinzi asikodishwe kumsindikiza mgombea wa chama chochote akiwa na silaha ya kazi. Akilazimishwa, aje kwetu.

Tano. Mnyapara au meneja asiingie shambani au kiwandani na bunduki kiunoni. Majani ya chai hayachumwi kwa bastola. Penye bunduki hapana majadiliano ya mshahara.

NENO LA MWISHO

Tawi letu litakutana tena kabla ya mwisho wa mwezi. Tumekwenda nyumbani kwa mlinzi, tumekaa naye. Mkono bado haujapona sawasawa. Hakutuomba bunduki. Alituuliza tu kwa nini mtu aliyefanya naye kazi miaka saba alimwuliza ametumwa na nani. Hatukuwa na jibu. Tumekwenda pia kwa ndugu aliyekasirika. Yeye alinyamaza sana, kisha akatuambia kwamba baba yake aliuawa kwa bunduki iliyotoka kwa jirani, na jirani yule aliipata kwa kadi. Ndiyo maana neno bunduki likitajwa hawezi kukaa.

Kumbe wote wawili wanaogopa kitu kimoja, na kila mmoja amekishika upande wake.

Tunawaomba wote wawili waje. Wakae benchi moja. Mwenye kadi aje nayo, asiye na kadi aje mikono mitupu, lakini mlangoni tutahesabu kitu kimoja tu: kadi ya umoja. Tutaanza na ile ajenda ya saa za ziada, maana bado hatujalipwa. Na kila tawi linalosoma makala hii, la mjini na la shambani, tunaliomba lijadili yale maswali matatu na kutuletea majibu yake.

Tuchague chama tunachokitaka. Tubishane juu ya sheria tunavyoweza. Lakini kadi na bunduki visikae mfuko mmoja.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.